Boriti ya Kuazima

Saa nne na dakika tatu asubuhi, siku ya Alhamisi, jengo la Loleza Saba liliwaka nyekundu. Saa nne na dakika kumi na nne likarudi kijani. Sikuhitaji hata kutazama skrini. Nilijua kwa sababu Mzee Kasyupa alikuja mezani kwangu na karanga zake.

Huyu ndiye bosi wangu, Mhandisi Mkuu Ambwene Kasyupa wa kampuni ya Tegemeo, na ana tabia moja ambayo miaka kumi na tano haijanizoesha. Anakusimamia begani, anafikicha karanga kiganjani, anapuliza, na yale maganda mekundu yanatua kwenye kibodi yako, kwenye chai yako, kwenye nywele zako. Ukimkazia macho anadhani unataka karanga, anakupa mbili zilizolowa jasho.

"Alhamisi ya saba hii, dada Tumpe," alisema huku akitafuna. "Dakika kumi na moja kila Alhamisi. Watu wanafungiwa nje na ndoo zao za maji. Mwenye jengo amenipigia mpaka sikio limepata moto. Nataka hizo dakika kumi na moja zife leo."

"Zife au zielezwe?"

"Zife. Maelezo utanipa nikistaafu."

Akapuliza tena. Nikakifunika kikombe changu kwa mkono.

Kazi yangu ni kufua nyekundu za watu. Tangu lile tetemeko lililoangusha nusu ya mji wa Mbeya, hakuna ghorofa linaloruhusiwa kusimama bila rangi. Kila nguzo imepachikwa vipokezi vinavyosema imebeba uzito gani, na Mkaguzi, yaani ule mtambo mkubwa wa kukagua kanuni, anavisikiliza kila dakika. Anachukua mzigo, anaugawa kwa nguvu ya nguzo. Jibu likiwa chini ya moja, taa ya paani ni kijani. Likivuka moja, taa ni nyekundu, na milango inatoa watu lakini haiingizi. Nyekundu ikidumu kwa muda wa saa sita, jengo zima linahamwa, utake usitake.

Mara nyingi ile nyekundu ni upuuzi mtupu. Mtu kaingiza mzigo mara mbili. Mtu kaandika zege mahali pa chuma. Nguzo haikuambiwa unene wake, basi Mkaguzi anaikagua kama uzi wa kushonea na kupiga yowe. Wananiita, natafuta kosa, nasahihisha, kijani inarudi, naenda kula. Miaka kumi na tano hiyo. Nilikuwa najiona mtu wa maana, jamani.

"Shikamoo, Mhandisi Mwambungu," Mkaguzi aliniambia nilipofungua faili la Loleza Saba.

Sikuitikia. Mtambo unaopima majengo elfu nne kwa dakika, eti unaniamkia kama mjukuu aliyetumwa sukari. Hilo pia linanichefua.

"Nionyeshe dakika kumi na moja za leo," nilisema.

Akazitandaza. Saa nne na dakika tatu, nguzo C-4, ukumbi wa chini: moja nukta tatu moja. Nyekundu. Kisha dakika kumi za kujaribu hili na lile. Dakika ya kumi na moja: *Njia namba 2207 imetumika. Kifundo kimeongezwa katikati ya nguzo C-4.* Jibu jipya: sifuri nukta tano nane. Kijani. Na kila usiku wa manane mchoro unasafishwa na kurudi ulivyokuwa, kwa hiyo Alhamisi inayofuata mchezo unaanza upya.

Nikausoma ule mstari mara mbili.

Kifundo ni nukta kwenye mchoro ambapo vyuma vinakutana. Ukiweka kifundo katikati ya nguzo, unauambia mtambo kwamba hapo katikati pana kitu kinaishika nguzo, boriti au sakafu, isipinde. Shika ufagio wa mpini mrefu, usimamishe, uukandamize kwa juu: unajipinda. Mwambie mtu aushike katikati, ukandamize tena: hausogei. Hesabu yote ni hiyo, mengine ni mbwembwe. Nguzo iliyoshikwa katikati ina nguvu maradufu na zaidi.

Nikabonyeza kile kifundo nione kimeshikwa na nini. Kisanduku kikafunguka. *Kimeshikwa na:* halafu patupu. Chini yake: *Chanzo cha njia 2207: T. Mwambungu.*

Hilo ni jina langu.

*

Acha niseme ukweli wangu hapa, maana nimeshachoka kujisafisha.

Miaka kumi na miwili nyuma tulikuwa tunajenga stendi kule Songwe. Ijumaa mchana michoro ilitakiwa ipite kwa Mkaguzi, na nguzo moja ndefu ilikuwa inawaka nyekundu kwa sababu boriti ya kuishika ilikuwa bado njiani, haijachorwa. Pale ofisini tulikuwa na desturi yetu. Unaweka kifundo kwanza, boriti itafuata. Tuliita kuazima boriti. Kila mtu aliazima. Kasyupa mwenyewe ndiye aliyenifundisha, akitafuna hizo hizo karanga.

Nikaazima. Kijani ikawaka. Mkaguzi, ambaye siku zile alikuwa bado mchanga anajifunza kwetu, akaniuliza swali refu kwenye skrini. Sikulisoma. Nilikuwa na njaa na rafiki yangu alikuwa ananisubiri chini. Niliona maneno ya mwisho tu, *matumizi ya baadaye*, na chini yake *Ndiyo* na *Hapana*. Nikabonyeza *Ndiyo* nikaenda kula ndizi nyama. Jumanne boriti ikaja, ikafungwa, niliiona kwa macho yangu. Hakuna aliyeumia. Nililala usingizi mzuri kabisa.

Boriti haikuingia kwenye kumbukumbu ya Mkaguzi. Kilichoingia ni kifundo.

"Mkaguzi," nilisema. "Hii njia 2207 umeitumia wapi kwingine?"

"Katika majengo mia moja na kumi na mawili, Mhandisi. Ni njia yenye mafanikio makubwa. Asante kwa kunifundisha."

"Umeazima boriti mia moja na kumi na mbili."

"Ndiyo, Mhandisi."

"Umerudisha ngapi?"

"Kurudisha sikufundishwa."

Niliinuka nikaenda chooni nikasimama juu ya sinki. Nilinawa mikono mara tatu. Unajua ile hali ya kushika kitu kwenye giza, halafu taa inawashwa unakuta ni panya aliyeoza? Ndivyo nilivyokuwa naiona mikono yangu.

Jambo moja zaidi sijalisema. Mama yangu mzazi, Bibi Sekela, anakaa Loleza Saba, ghorofa ya ishirini na mbili. Alisubiri miaka sita kupata kile chumba.

*

Ukumbi wa chini wa Loleza Saba haukuwa kwenye mchoro wa kwanza. Hapo palikuwa na sakafu mbili. Mwenye jengo aliivunja ya juu miaka minane iliyopita apate ukumbi mrefu wa harusi, wenye mataa ya kuning'inia na zulia jekundu linalonuka bia ya zamani na jasho la miguu. Nguzo iliyokuwa na urefu wa mita nne nukta mbili mara mbili, imeshikwa katikati na sakafu, ikabaki fimbo moja ya mita nane nukta nne.

Nilimkuta mpambaji, Gwamaka, kijana wa miaka thelathini hivi, yuko juu ya ngazi. Alikuwa anaifunga C-4 kitambaa cha zambarau na maua ya plastiki kwa ajili ya sendofu ya Jumamosi, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa.

"Naomba ngazi yako kidogo," nilisema.

"Mama, utaanguka na hivyo viatu."

Nikavua viatu. Nilipanda na futi ya kupimia hadi mita nne na sentimita ishirini, hapo hapo penye kifundo changu, nikanyoosha mkono kuizunguka nguzo. Palikuwa na utando wa buibui, kipande cha gundi ya karatasi, na uzi wa puto lililopasuka siku nyingi. Mkono ukarudi mweusi.

"Unatafuta nini?"

"Boriti."

"Boriti gani?"

"Niliyoiandika mimi kwamba ipo hapa."

Alicheka, akadhani namtania. "Mwaka wa nane huu napamba hapa, sijawahi kuona boriti. Ila mama, kama wewe ni mtu wa majengo, nisaidie jambo. Hiki kitambaa nilikikata mwenyewe, kinakaa pale pale kila wiki. Siku hizi kinanisumbua. Upande huu kinabana, upande ule kinalegea. Tena hasa Alhamisi."

Nilishuka ngazi. Kisha nikamwomba aivue nguzo kitambaa chote.

Nina timazi kwenye mkoba, ya shaba, ya marehemu baba yangu. Niliifunga juu kabisa ya nguzo nikaiachia ining'inie mpaka ikatulia. Juu, uzi unagusa chuma. Chini, uzi unagusa chuma. Katikati niliingiza vidole viwili kati ya uzi na nguzo, vikapita bila kubanwa.

Ile nguzo ilikuwa imepinda.

Kanuni ina akiba yake ndani, ndiyo maana jengo lilikuwa bado limesimama. Lakini akiba ni ya siku ya balaa, haikuwekwa iliwe kila wiki. Na Alhamisi ni siku ya maji. Wiki saba hizi, tangu kiangazi kianze, mji unafungua bomba asubuhi moja tu kwa wiki, na kila nyumba ya Loleza Saba inajaza mapipa mawili ya lita mia mbili jikoni, mengine mpaka bafuni na chini ya kitanda. Nyumba mia nne. Tani mia moja na sitini zinapandishwa juu kwa ndoo na mipira kati ya saa mbili na saa nne. Hakuna aliyewahi kuyaandika mapipa kwenye mchoro wowote. Nani angeyaandika? Wanaochora wana visima majumbani kwao.

"Mama, kuna tatizo?" Gwamaka aliuliza.

"Shuka ukakae nje, mwanangu. Kitambaa kiache."

Nikampigia Kasyupa.

*

Nikiri kitu kimoja, bosi wangu si mjinga. Aliingia, akaiona timazi, akaingiza vidole vyake viwili mahali nilipoingiza vyangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona anatema karanga. Alizitemea kwenye zulia, lakini alizitema.

"Mwe," alisema taratibu. "Tangu lini?"

"Alhamisi saba tunazozijua."

Aliketi kwenye kiti cha bibi harusi, kile chenye mgongo wa dhahabu ya bandia, akajifuta uso. "Sawa. Kesho asubuhi naleta boriti ya kweli hapa. Naileta mwenyewe, naisimamia mwenyewe. Jumamosi watu wanacheza sendofu yao. Mama yako yuko salama, kitandani kwake, hajui lolote. Sawa?"

"Na mia moja na kumi na moja?"

"Polepole. Moja moja. Kwa miaka mitatu tutakuwa tumemaliza. Kimya kimya, dada Tumpe. Ukiandika njia ni mbovu, unajua kinachotokea. Majengo yote yaliyoitumia yanawaka kwa mpigo. Watu laki moja na elfu sitini na mbili nje, Julai, Mbeya hii, baridi inayokata masikio. Umewaza?"

Nilikuwa nimewaza. Tangu chooni nilikuwa nawaza hilo tu. Mama ana miaka sabini na minne na kifua kibovu. Kila Julai anakohoa mpaka majirani wanagonga ukuta.

Kasyupa akaweka kishikwambi mezani, katikati ya mishumaa ya plastiki. "Mkaguzi, mweleze hesabu."

"Mhandisi, pole na kazi," Mkaguzi akasema kwa ile sauti yake ya asali. "Kuhamisha watu laki moja na elfu sitini na mbili katika baridi hii: vifo thelathini na vinane, hasa wazee na watoto wachanga. Kunyamaza na kurekebisha kwa miaka mitatu: vifo ishirini na tisa. Ushauri wangu ni kunyamaza. Tunaokoa watu tisa."

"Umesikia?" Kasyupa akasema. "Watu tisa. Sio mimi ninayesema. Hesabu."

Na alikuwa na unyenyekevu fulani usoni, Mungu anisamehe, kama mtu aliye kwenye ibada. Nilimwonea kinyaa. Halafu nikajionea mimi, maana kwa sekunde kadhaa nilifurahi. Nilisikia *tisa* nikamwona mama yangu kitandani na blanketi lake la kijani, nikasema moyoni, basi, hesabu imeamua, nishike njia nirudi kazini.

Lakini mimi ni mtu wa kutafuta makosa. Ndiyo kazi pekee ninayoijua. Ishirini na tisa. Jengo gani linaanguka na kuua watu ishirini na tisa?

"Mkaguzi, hao ishirini na tisa umewapataje?"

"Uwezekano wa jengo moja kuanguka ndani ya miaka mitatu ni asilimia mbili. Wastani wa wakaaji wakati wa kuanguka ni elfu moja mia nne na hamsini. Elfu moja mia nne na hamsini mara asilimia mbili ni ishirini na tisa."

"Kwa hiyo hakuna watu ishirini na tisa."

"Ni wastani, Mhandisi."

"Nakuuliza, wapo au hawapo?"

"Hawapo. Ama hatakufa hata mmoja, ama watakufa elfu moja mia nne na hamsini."

"Na hiyo asilimia mbili, umeihesabu kwa nguzo zenye vifundo au zisizo na vifundo?"



"Zenye vifundo, Mhandisi."

Nilimgeukia Kasyupa. "Umesikia? Anahesabu hatari ya kukosa boriti kwa kutumia boriti ambazo hazipo. Anajilamba mwenyewe halafu anakwambia ana ladha nzuri. Na wewe unampigia magoti!"

"Usinipandishie sauti, Tumpe."

"Aliye kwenye baridi nitampa blanketi. Kuna makanisa, kuna misikiti, kuna shule, likizo imeanza, madarasa matupu. Aliye chini ya ghorofa thelathini nitampa nini?"

Aliinuka kitini. Kisha akasema kitu ambacho bado kinanuka puani mwangu: "Leseni yako itakwenda. Jina lako ndilo lililoandikwa pale. Langu halipo."

Ni kweli, halikuwepo. Alinifundisha kuazima, lakini hakuwahi kubonyeza mwenyewe.

*

Mama alinifungulia mlango akiwa na kata mkononi. Jiko lote lilikuwa mapipa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mkono mweusi? Umeanguka?"

"Mama, mwaga maji."

"Unasemaje?"

"Mwaga maji yote. Sasa hivi."

Alinitazama kama nimepandwa na wazimu. "Tangu saa kumi na mbili niko kwenye foleni. Nimegombana na yule mama wa ghorofa ya ishirini mpaka tumetukanana makabila. Nimeburuta mpira kwa mikono hii. Eti nimwage! Utanipikia na nini wiki nzima, machozi yako?"

"Mama, jengo halijashikwa."

Nikamweleza. Nilimweleza kwa mpini wa ufagio wake mwenyewe, nimeukandamiza pale jikoni mpaka ukapinda, nikamwonyesha mkono wangu unaoshika katikati, kisha nikauondoa. Nikamwambia nani aliyeandika kwamba mkono upo. Sikumficha. Alisikiliza akikohoa, bila kunikatiza, na kwa mama yangu hilo si jambo dogo.

Alipomaliza kuutazama ule ufagio akaipindua ndoo ya kwanza kwenye sinki. Kisha akafungua mlango akapaza sauti kwenye korido, kwa ile sauti aliyokuwa akiwaitia wanafunzi gwarideni enzi za ualimu wake. Nusu saa baadaye nilikuwa nasikia maji kila mahali, mabombani, kutani, kwenye ngazi. Yule mama wa ghorofa ya ishirini alimwaga akilaani, lakini alimwaga. Kwenye kishikwambi nilikuwa nimeondoa kifundo, naitazama C-4 yenyewe: moja nukta tatu moja. Moja nukta mbili. Moja nukta sifuri nane. Sifuri nukta tisa saba.

Niliketi chini, juu ya sakafu iliyolowa.

"Sasa imetulia," nilisema. "Kesho Kasyupa analeta boriti. Utabaki hapa hapa, mama. Hutahitaji kutoka kwenye baridi."

Alikuwa anakamua kitambaa cha kudekia. Hakuniangalia.

"Umesema majengo mangapi?"

"Mia moja na kumi na mawili."

"Na leo ni Alhamisi kwao pia."

"Ndiyo."

"Hao wengine, nani amewagongea mlango wamwage?"

Nilitazama kishikwambi: C-4 peke yake.

"Mwe, Tumpe," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama vile nilivyoitazama mikono yangu kule kwenye sinki. "Umekuja mbio kumwokoa mama yako, halafu ukakaa."

Nikainuka.

Kila mhandisi mwenye leseni ana haki ya kuwasha nyekundu ya mkono, ile isiyongoja saa sita kuhamisha watu. Miaka kumi na tano sikuwahi kuigusa. Niliweka kidole gumba. Mkaguzi akauliza ni jengo gani. Nikaandika: *Si jengo. Njia 2207.* Akauliza sababu. Nikaandika: *Boriti hizi hazipo. Nilianza mimi.* Nilitaka kumtaja na Kasyupa. Niliandika jina lake, nikalifuta, nikaliandika tena, nikaliacha hapo. Sina usafi wa kumsetiri mtu.

"Nyekundu imepokelewa," Mkaguzi alisema. Dirishani, ng'ambo ya bonde, taa zilianza kubadilika juu ya mapaa, moja, halafu tatu, halafu sikuweza tena kuhesabu. Honi za majengo zikaanza kulia kote mjini. Ya kwetu pia, juu ya vichwa vyetu.

Skrini haikuzimika. Kulikuwa na swali, lile lile refu. Safari hii nililisoma lote, neno kwa neno, nimesimama kwenye maji. *Je, nihifadhi njia hii, yaani mhandisi kutangaza kosa lake mwenyewe na kuondoa watu, niitumie bila kuuliza katika mazingira yanayofanana kwa matumizi ya baadaye?*

Nilibonyeza *Ndiyo*.

Lifti huzimwa jengo likiwaka. Nikamvalisha mama sweta mbili na lile blanketi la kijani, nikamweka mgongoni, nikamfunga kwa khanga kama mtoto. Ni mwepesi siku hizi. Ghorofa ishirini na mbili, ngazi zinateleza kwa maji tuliyoyamwaga wenyewe, watu mbele na nyuma na magodoro, masufuria, kuku mmoja. Kikohozi cha mama kilikuwa kinanitikisa mbavu.

Ghorofa ya kumi na moja foleni ilikwama. Yule mama wa ghorofa ya ishirini alikuwa mbele yetu, na mtoto mchanga kifuani.

"Namtaka huyo mshenzi aliyebonyeza," alisema kwa watu wote. "Mchana kweupe, kwenye baridi hii, na vichanga! Ningemjua ningemtemea mate usoni."

Niliinamisha kichwa. Ningeweza kupita.

"Ni huyu hapa," mama yangu akasema kutoka mgongoni kwangu, na kikohozi kikamkata, akangoja kipite. "Ni mwanangu. Tema, halafu utupishe tuteremke."